Farasi Sitini Hawakupotea

Mzee aliishika ile karatasi iliyotoka kwenye daino, mashine ya kupimia nguvu ya gari, kwa mikono miwili, akaisogeza mbali na macho, akasoma namba iliyochapwa juu kwa wino mzito. 91. Hakusema neno. Alifungua mkoba wake wa ngozi, akatoa ukurasa wa katalogi alioutunza ndani ya nailoni miaka yote hii, akautandaza juu ya boneti kando ya karatasi mpya. Katalogi inasema 151, nguvu ya injini kwa kipimo cha farasi.

"Kijana wangu," akaniambia, "hapa nimepungukiwa na farasi sitini. Wamekwenda wapi?"

Kabla sijafungua kinywa, kijana mmoja wa gereji alikuwa ameshajibu. "Mzee, injini imechoka. Tuifungue, tupanue silinda, tuweke pistoni kubwa, kamshafti kali na kabureta tatu. Utarudi nyumbani na farasi mia mbili." Nikaona macho ya mzee yakianza kung'aa, na moyo wangu ukaingia baridi.

Naandika haya kwa sababu nimeishuhudia hesabu ya kutoa kama hiyo ikiua injini nzuri. Jamaa yangu mmoja alikuwa na gari kama hili hili, injini ileile iliyotoka nayo kiwandani, namba zake zikioana na za kwenye bodi. Alipimiwa kwenye daino, akaambiwa amepoteza theluthi ya nguvu, akakubali injini ifunguliwe. Leo gari halitulii likiwa limesimama, halivuti mpaka lifike mizunguko 3,500 kwa dakika, na bloku ya asili iliuzwa kwa bei ya chuma chakavu. Injini ile haikuwa na ugonjwa wowote. Alichokosa ni mtu wa kumsomea karatasi.

Gari la mzee ni Datsun 240Z. Kwa wasiolifahamu: lina milango miwili, pua ndefu, uzito wa tani moja na kidogo, na chini ya boneti kuna injini ya L24 yenye silinda sita kwenye mstari mmoja, ujazo wa sentimita mchemraba 2,393, ikinyweshwa na kabureta mbili za Hitachi, vile vifaa vya kuchanganya petroli na hewa, zilizoundwa kwa mtindo wa SU wa Uingereza. Sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kulipenda gari hili kuliko watu wengine wengi. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo Safari Rally. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, akiwa na Lofty Drews, alilirudisha kileleni baada ya kulingana pointi na Harry Källström, ambaye naye alikuwa kwenye Datsun. Magari yale ya mashindano yalikuwa yamepikwa zaidi ya haya ya dukani, lakini mfupa ni uleule. Kila 240Z iliyobaki nchini na injini yake ya asili ni kipande cha historia yetu, ndiyo maana sikubali ifunguliwe kwa sababu ya namba isiyoeleweka.

Tuanze na 151. Kiwanda hakikudanganya. Soko kubwa la gari hili lilikuwa Marekani, na wakati huo nguvu ya injini huko ilitangazwa kwa kipimo cha nguvu ghafi cha SAE, chama cha wahandisi wa magari. Injini ilipimwa ikiwa nje ya gari, imefungwa kwenye stendi ya maabara. Chujio la hewa liliondolewa. Ekzosi ya gari iliachwa, ikawekwa mifereji mipana ya maabara. Feni na altaneta hazikuwa na kazi ya kuibebesha injini mzigo. Taimingi na mchanganyiko wa petroli na hewa vilirekebishwa mpaka injini itoe yote iliyo nayo tumboni.

Mfanyakazi yeyote anaielewa hali hiyo bila maelezo marefu. Huo ni mshahara kabla ya makato. Kodi haijaguswa, NSSF haijaguswa, mkopo wa sacco haujaguswa. Wamarekani wenyewe waliachana na utaratibu huo mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakaanza kutangaza nguvu halisi, injini ikiwa na chujio lake, ekzosi yake na mizigo yake yote. Anayetaka kuona ukubwa wa makato aitazame Chevrolet Corvette yenye injini ya LT-1: mwaka 1971 ilitangazwa kuwa na farasi 330, na mwaka 1972 ikatangazwa na 255. Injini ni ileile kwa mambo yote ya msingi. Farasi 75 waliondoka kwenye karatasi, na barabarani hakuna dereva aliyewatafuta.

Kwa hiyo hata 240Z iliyotoka kwenye boksi mwaka 1971, ingepandishwa kwenye daino ya leo siku hiyohiyo, isingetoa 151. Makato mengine yanafuata njiani. Katalogi inazungumzia nguvu kwenye krankshafti, yaani shafti inayozungushwa na pistoni ndani ya injini, ilhali daino ya rola inapima pale tairi inapogusa ngoma ya chuma. Kati ya hapo kuna klachi, giaboksi, propela, difu na tairi zenyewe, na kila kimoja kinakula sehemu yake na kuigeuza joto. Utasikia watu wakisema ongeza asilimia 15 utapata nguvu ya injini. Mimi siiamini asilimia hiyo moja kwa magari yote. Oili nzito kwenye difu, tairi lenye upepo mdogo, hata mikanda iliyokazwa mno ikalibana gari juu ya rola, vyote vinabadilisha kinacholiwa. Siku ile tulipima kwenye gia ya nne, maana kwenye giaboksi hili ndiyo inayopeleka mzunguko moja kwa moja bila kuuzidisha wala kuupunguza, na hasara inakuwa ndogo.

Halafu kuna Nairobi yenyewe.

Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu tunaishi hapa, tunaivuta hewa hii kila siku, na bado tunaisahau tukishika karatasi. Industrial Area iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa huku ni kilopaskali 83 hivi, wakati Mombasa ni 101. Injini isiyo na taabo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani, huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, na kila pumzi ya Nairobi ina oksijeni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano. Hakuna fundi duniani atakayeirudisha hiyo kwa spana. Hata geji ya kompresheni, yaani ya kupima jinsi silinda inavyobana hewa, husoma chini huku, na nimeona injini nzima ikihukumiwa kwa sababu namba zake zililinganishwa na kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari. Siku ile tulipima kompresheni ya silinda zote sita asubuhi, kabla ya kulipandisha gari kwenye rola, na tofauti kati ya silinda ya juu na ya chini ilikuwa ndogo sana. Pale pale nilijua kwamba injini ni nzima. Usawa wa silinda ndio unaosema, kuliko ukubwa wa namba.

Mashine ya daino inajua habari za mwinuko. Ina kipimo cha mgandamizo, cha joto na cha unyevu, na inaweza kupiga hesabu ya marekebisho ili matokeo yasomeke kana kwamba gari lilipimwa katika hali ya hewa iliyokubaliwa na wote. Kanuni ya SAE inayoitwa J1349 inachukua joto la nyuzi 25 na hewa kavu yenye mgandamizo wa kilopaskali 99. Kwa siku ile, kizidishi chake kilikuwa 1.24. Zidisha 91 kwa 1.24 unapata 113. Injini moja, jaribio moja, dakika ileile, na tayari tuna namba mbili zilizoachana kwa farasi 22.

Ipi ni ya kweli? Zote mbili, kila moja kwa kazi yake. Ile 91 ndiyo nguvu atakayokuwa nayo mzee akiipita lori Thika Road. Ile 113 ndiyo ya kulinganisha na mwenzake aliyepimiwa Tanga au London. Ila tuwe waangalifu na hiyo ya pili. Fomula ile ilitungwa kusahihisha tofauti ndogo za hali ya hewa, na inaichukulia kila injini kuwa na ufanisi wa kimakanika wa asilimia 85. Ukiitumia kuishusha injini kutoka Nairobi mpaka baharini umeibebesha mzigo mkubwa kuliko ilivyokusudiwa. Pia zipo kanuni zaidi ya moja. Ile ya zamani inayotumia joto la nyuzi 15.5 huongeza karibu asilimia 4 juu ya J1349, na kubadilisha kutoka moja kwenda nyingine ni kubofya mara moja tu kwenye kompyuta. Gereji ikitaka mteja aondoke akitabasamu, inabofya.

Ndiyo maana nasema bila kuzunguka: karatasi ya daino isiyoonyesha namba kabla na baada ya marekebisho, joto, mgandamizo na jina la kanuni iliyotumika, hiyo si karatasi ya kumlipia mtu. Mteja adai. Tumelipa, na ni haki yetu.

Sasa tuiache namba ya juu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sehemu isiyo na faida kubwa kwenye karatasi nzima. Mali iko kwenye mistari.

Daino haipimi farasi. Inapima torki, yaani nguvu ya kuzungusha, kisha inaizidisha na mizunguko ili kupata nguvu. Wazo hili ni la kale: Mfaransa Gaspard de Prony alibana breki kwenye shafti na kupima nguvu ya kuizuia mwaka 1821, na Mwingereza William Froude akatengeneza breki ya maji kwa ajili ya injini za meli mwaka 1877. Kwa sababu farasi ni hesabu iliyotokana na torki na mizunguko, karatasi yoyote iliyochorwa kwa farasi na pauni-futi, kipimo cha torki, kwenye skeli moja lazima mistari yake miwili ikutane kwenye mizunguko 5,252. Isipokutana hapo, muulize aliyekupa.

Kwenye karatasi ya mzee mistari ilikutana vizuri, na ilikuwa na mambo matatu ya kusema.

La kwanza lilikuwa mwanzoni kabisa. Fundi alipokanyaga mafuta kwenye mizunguko 2,000, mstari wa torki ulizama ghafla kisha ukapanda, kama mtu aliyejikwaa kizingitini. Kipimo cha mchanganyiko, kilichochomekwa kwenye ekzosi, kiliruka mpaka 16, yaani sehemu 16 za hewa kwa moja ya petroli, maana yake hewa nyingi, petroli kidogo. Fundi mkuu, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi, hakugusa kompyuta. Alikwenda kwenye kabureta ya mbele, akafungua kifuniko kidogo cha juu kwa vidole viwili, akavuta kile kijiti kinachoning'inia ndani. Kikatoka kikavu, hakina hata tone. Kabureta za aina hii zina pistoni inayopanda hewa ikivutwa, na oili iliyomo kwenye shimo lile ndiyo inayoizuia isipande kwa pupa. Ikikauka, pistoni inaruka, hewa inatangulia, petroli inachelewa, injini inajikwaa. Akamimina oili nyepesi kutoka kwenye kikopo chenye mdomo mrefu, akakirudisha kijiti polepole mpaka akahisi kinasukumana na oili, akakikaza kifuniko. Kabureta ya nyuma ilikuwa na oili yake. Kazi yote haikufika dakika tano.

La pili lilianzia 3,500 kwenda juu. Mchanganyiko ulishuka mpaka 10.8 ukakaa hapo. Injini ya petroli kama hii hutoa nguvu yake nzuri kwenye 12.5 hadi 13. Kwenye 10.8 inakunywa petroli isiyoweza kuichoma, na plagi zilipotolewa zilikuwa na masizi meusi kama sufuria ya kuni. Nikamuuliza mzee kabureta zilirekebishwa lini mara ya mwisho. "Mombasa," akasema, "kabla sijahamia huku." Miaka miwili gari limekuwa likila chakula cha pwani mlimani: hewa ya Nairobi nyembamba, petroli ileile ya Mombasa. Fundi wa Mombasa hakukosea chochote. Aliitega kabureta kwa hewa aliyokuwa nayo.

Hapa ndipo ninapopenda daino ya breki kuliko ile inayopima tu kasi ya ngoma kuzunguka. Ya breki inaweza kuishika injini kwenye mizunguko 3,000 ikiwa na mzigo kamili, ikatulia hapo, na fundi akaisikiliza, akaona kipimo kinasema nini anapozungusha nati iliyo chini ya kabureta. Alizungusha kwenda juu kidogo, kabureta hii, kisha ile, kwa kiasi kilekile, akisubiri baada ya kila mara. Ilichukua zaidi ya saa moja na hakuna aliyeharakisha.

La tatu lilikuwa baada ya 5,000: mstari ulianza kutetemeka, ukawa na meno madogo kama msumeno. Pointi za distributa, kile kifaa kinachogawa umeme kwenye plagi, zilikuwa zimelika upande mmoja. Zikabadilishwa pamoja na kondensa, pengo likapimwa kwa fila geji, na meno yakapungua lakini hayakwisha. Shafti ya distributa inacheza ukiishika kwa mkono, bushi zake zimechakaa. Hilo lilibaki kwa siku nyingine, na fundi alimwambia mzee waziwazi kwamba hawezi kulimaliza leo.

Jaribio la mwisho lilitoa 97 bila marekebisho, 120 kwa J1349. Farasi sita wameongezeka, na najua kuna watakaosema sita ni kitu gani. Watazame mstari. Pale 2,000 hapana shimo tena, na kutoka 2,500 mpaka 4,000, mahali ambapo gari hili linaishi maisha yake yote, torki imepanda na mstari umelala laini. Hakuna aliyeshinda Safari Rally za enzi zile kwa kilele cha mizunguko 5,600. Walishinda kwa injini inayovuta kutoka chini, kwenye tope na vumbi, siku baada ya siku bila kulalamika. Mzee aliliendesha kuzunguka mtaa mmoja tu, akarudi, akazima injini, akabaki ameshika usukani huku akitazama mbele.

Neno kwa wenye magari ya umri huu wanaotaka kwenda kupima. Angalieni tairi kwanza, maana tairi lenye miaka kumi linaweza kuonekana jipya kabisa kisha likapasuka likiwa kwenye rola kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa, na aliyesimama karibu hana pa kukimbilia. Badilisheni oili, kagueni mipira ya maji na ya petroli. Feni ya gereji, hata iwe kubwa namna gani, haifikii upepo wa barabarani, kwa hiyo injini ipumzishwe na ipoe kati ya jaribio na jaribio. Majaribio matatu safi yanatosha. Anayetaka la nane ili apate farasi mmoja wa ziada anaitesa injini iliyokwisha kumwambia kila kitu.

Na mafundi wetu, nawaomba kwa heshima: mteja mwenye gari la zamani akija na katalogi, msimwambie injini imechoka kabla hamjampa hesabu. Mwambieni habari ya nguvu ghafi, mwambieni habari ya rola, mwambieni habari ya mwinuko. Kisha muonyesheni mistari. Akishaelewa yote hayo na bado akataka pistoni kubwa, gari ni lake. Lakini aamue akijua.

Tulipokuwa tunaondoka mzee aliuliza swali moja. "Nikiteremka nalo Mombasa mwezi wa Desemba, itakuwaje?"

"Farasi kama ishirini watarudi wenyewe," nikamwambia. "Ila ukifika, nati za kabureta zirudishwe chini pale zilipokuwa, la sivyo injini itakosa petroli ya kutosha kwa hewa ya kule, na itachemka."

Akaomba penseli. Nyuma ya karatasi ya daino, kwa mwandiko wa shule za zamani, akaandika: *Nairobi juu. Mombasa chini.* Akaikunja mara moja, akaiingiza ndani ya nailoni pamoja na ukurasa wa katalogi, akaufunga mkoba.